Shukuru Ilikuwa ya Mpira

Habari hii ni kweli tupu, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na anayebisha akamuulize Mzee Chumvi mwenyewe. Ila amkute peke yake. Akimuuliza mbele ya watu atapewa habari nyingine, tamu zaidi, yenye vicheko na machozi mahali pake, na hiyo hapa haidhaminiwi.

Jina la Chumvi alipewa na kinyozi wa mtaani kwao, baada ya kustaafu kazi ya kiwanda cha magodoro. Hakuna habari iliyotoka kinywani mwake bila kukolezwa. Kubwa lao ilikuwa ile ya siku aliposinzia juu ya godoro jipya ghalani, likapakiwa kwenye lori pamoja naye, akaja kuamka chumbani kwa waziri, na mke wa waziri akamletea chai. "Nikanywa," alikuwa akimalizia. "Ningefanyaje? Kumkatalia mwenye nyumba ni utovu wa adabu." Wateja wa kinyozi walicheka mpaka wembe ukawa hatari.

Lakini siku ile ya maji haikuhitaji kukolezwa. Bomba la mtaa lilikuwa limekauka muda mrefu, na watu walikwenda na ndoo zao kusimama mbele ya lango la ofisi ya maji, ng'ambo ya kibanda cha kinyozi. Hawakuvunja kitu. Walipiga ndoo kama ngoma na kumwita meneja majina. Mkwe wa Mzee Chumvi, aliyeendesha gari la mikate la bekari, alikuwa ametoka kazini na sare yake, akabeba ndoo mbili, akajiunga nao. Kisha wakaja askari na bunduki mpya za mtutu mnene, zile ambazo redio ilikuwa imezisifu kwa wiki nzima: silaha za kisasa, za kibinadamu, zisizoua. Watu wakatimka. Kinyozi akajitupa chini ya kiti chake. Mzee Chumvi akabaki mlangoni, kwa sababu magoti yake hayakujua tena kutimka.

Aliona hivi. Mkwe wake alibaki nyuma kidogo, ndoo mkono huu na ndoo mkono ule, akitafuta njia ya kupita maana uchochoro ulikuwa umejaa watu. Askari mmoja, aliyekuwa karibu naye kama mtu na jirani wanaoongea kibarazani, akainua bunduki mpaka usawa wa uso. Ikalia. Ndoo zikaanguka.

Basi. Hakukuwa na zaidi ya hayo.

*

"Shukuru, ndugu yangu," alisema jirani wa kwanza aliyekuja kumwona mgonjwa. "Shukuru ilikuwa ya mpira."

Wa pili akasema hivyo hivyo. Daktari alikuwa amesema hivyo kabla yao, akiwa anafunga bandeji juu ya mahali palipokuwa na jicho la kulia. Mpaka wiki inakwisha, Dereva, maana hata mkewe alizoea kumwita hivyo, alikuwa amelisikia neno hilo hadi akawa analijibu kabla halijasemwa.

"Najua, najua. Ilikuwa ya mpira."

Msimamizi wa bekari alikuja na mfuko wa mikate ya jana. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeacha gari linanguruma nje.

"Pole sana, Dereva. Kiwanda kizima kinakupa pole."

"Nimepoa, bosi. Daktari anasema mwezi ujao naweza kurudi."

"Kurudi, ndiyo. Kurudi utarudi." Msimamizi aliutazama ukuta. "Ila gari, unajua mwenyewe. Watu wa bima. Jicho moja barabarani..."

"Jicho langu hili linaona mpaka ncha ya sindano."

"Sikatai. Lakini tumekufikiria. Utapanga mikate kwenye makreti. Ndani, kivulini, hakuna jua wala trafiki."

"Kwa mshahara upi?"

"Wa kupanga makreti," alisema msimamizi taratibu, akaaga.

Binti wa Mzee Chumvi alimsindikiza mgeni hadi mlangoni, akashukuru kwa mikate, akarudi akauweka mfuko mezani bila kuufungua. Nyumba ile, waliyokaa pamoja na mzee, ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na kodi yake haikuwa ya mtu wa makreti. Wote watatu walilijua hilo. Mzee Chumvi alitaka sana kusema kitu cha kuchekesha. Hakukipata, akaenda kwa kinyozi.

*

Kwa kinyozi walimsubiri kama mgeni rasmi.

"Haya, mzee wetu, hebu tupe. Wewe ndiye uliyeona."

Mara ya kwanza alieleza kama ilivyokuwa. Watu wakatikisa vichwa, wakasema pole, wakarudi kuzungumzia mpira. Mzee Chumvi akabaki na habari yake mkononi kama sahani isiyoguswa. Ikamuuma. Mtu amepotewa na jicho, na habari yake inakwisha upesi hivi?

Siku iliyofuata askari aliongezeka kimo. Baadaye akacheka kabla ya kufyatua. Baadaye Mzee Chumvi mwenyewe aliruka mtaro, yeye aliyeshindwa kuruka hata kizingiti. Mambo hayo kinyozi aliyakata. "Hapo kwenye mtaro, mzee, umetuibia," alisema, na watu wakacheka. Lakini kuna moja lililopita salama kila siku, na kila siku lilipendeza zaidi: kwamba askari, kabla ya kupiga, alifumba jicho moja, taratibu, kama anamkonyeza mchumba. Hapo watu walinyamaza. Hapo waliumia. Mtu mmoja alitoka nje akatema mate. Mzee Chumvi aliona kwamba sasa ndipo walielewa jinsi risasi ile ilivyokuwa ya makusudi. Akaliacha lile jicho mahali pake, na baada ya kulisimulia mara nyingi akaanza kuliona hata akiwa peke yake, kope zikishuka.

*

Malalamiko yao yalipokelewa na kamati iliyoundwa kusikiliza mambo ya askari na raia. Walipewa wakili wa msaada wa kisheria, mwanamke kijana mwenye begi zito, aliyekuja nyumbani akakataa chai kwa sababu alikuwa na nyumba nyingine tatu za kupita.

"Askari ameshaandikisha maneno yake," aliwaambia. "Anasema alilenga chini, miguuni, kama walivyofundishwa. Risasi ikagonga lami ikaruka juu. Na anasema wewe, kaka, ulikuwa umeshika jiwe."

"Jiwe?" Mkewe alisimama. "Jiwe la nini? Alikwenda na ndoo zangu!"

"Kaka mwenyewe unasemaje?"

Dereva aliuinamisha uso. "Nakumbuka nikitoka hapa na ndoo. Nakumbuka nikiamka hospitali. Katikati hapana kitu. Wameniuliza habari ya jiwe mara nyingi mno, dada. Siku nyingine nakaa najiuliza, labda kweli."

"Hukuwa na jiwe, mwanangu," alisema Mzee Chumvi.

"Ndiyo maana tunakutegemea wewe, babu," alisema wakili. "Wengine wote walikimbia. Kinyozi alikuwa chini ya kiti. Umebaki peke yako. Kamati ikikubali kwamba bunduki ilielekezwa usoni, na kwamba mikononi mlikuwa na ndoo, kaka analipwa fidia, na bekari, nimeshaongea nao, itampa kazi ya ofisini. Isipokubali, hakuna. Kwa hiyo maneno yako ni mawili tu. Bunduki usoni. Ndoo mikononi. Ukishayasema, kaa."

"Mimi si mtoto."

"Baba," alisema binti yake, "hatujasema wewe ni mtoto. Tumesema ukae."

*

Ukumbi ulikuwa na feni iliyozunguka kwa shida na wajumbe watatu nyuma ya meza ndefu. Mzee Chumvi alivaa koti lake la kustaafia. Kwanza aliitwa mkufunzi wa askari, mtu nadhifu, akaeleza silaha ile kama muuzaji anavyoeleza jokofu. Inalengwa chini ya kiuno. Haipigwi kwa mtu aliye karibu. Ikitumika inavyofundishwa inaacha uvimbe na fundisho.

"Na ikitumika isivyofundishwa?" aliuliza wakili wa msaada.

"Haijatumika hivyo," alijibu mkufunzi.

Kisha akaitwa Mzee Chumvi. Wakili wake alimwuliza kifupi, naye akajibu kifupi. Mkwe wako alishika nini? Ndoo, moja kila mkono. Uliona jiwe? Sikuona, kwa sababu halikuwepo. Bunduki ilielekea wapi? Hapo aliinyoosha mikono yake mbele ya uso, na mjumbe mmoja akakunja midomo kwa uchungu. Wakili akasema asante. Mzee Chumvi akakaa. Kwenye benchi la nyuma binti yake alishusha pumzi, na Dereva, mwenye kitambaa cheupe juu ya jicho, akaweka mkono wake juu ya mkono wa mkewe.

Wakili wa askari aliinuka. Alikuwa mtu mnene, mwenye tabasamu la mtu wa nyumbani.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

"Samahani kwa kukusumbua. Nasikia wewe ni bingwa. Nasikia uliwahi kusafirishwa na godoro mpaka kwa waziri."

Ukumbi ulicheka. Mwenyekiti wa kamati naye alicheka, akaficha mdomo kwa kalamu. Mzee Chumvi alijaribu kununa, uso ukakataa.

"Lilikuwa godoro zuri," alisema.

Wakacheka tena. Moto ukamwingia kifuani, ule aliouzoea, wa watu kumwegemea wote kwa pamoja.

"Basi tusimulie na hii, mzee wangu. Sisi hatukuwepo. Usitujibu kama karani. Simulia kama unavyosimulia kwa kinyozi, tuione siku yenyewe."

Wakili wa msaada alisimama haraka. "Mheshimiwa, shahidi ameshajibu."

"Mwache mzee aseme," alisema mwenyekiti. "Tumetoka mbali kumsikiliza."

Mzee Chumvi akainuka kitini.

Hakuwahi kusimulia vizuri kama siku ile. Alipiga ndoo kwa ngumi za hewani. Aliwakimbiza watu, akamtupa kinyozi chini ya kiti, akamsimamisha mkwe wake peke yake barabarani na sare ya bekari. Mtumishi aliyekuwa akihangaika na swichi ya feni aliiacha. Akafika kwa askari. Akainua bunduki. Alijua kabisa kwamba hapo ndipo pa kukaa, lakini walikuwa wanamtazama, na kuwaacha hapo ilikuwa kama kumnyang'anya mtu kijiko mdomoni.

"Akafumba jicho moja," alisema kwa sauti ya chini. "Hivi. Taratibu. Kama anamkonyeza mchumba. Halafu, pa!"

Binti yake alifunika uso kwa viganja.

"Masikini," alisema wakili wa askari. "Alifumba jicho lipi, mzee wangu?"

"La kushoto."

"Una hakika?"

"Kama ninavyokuona wewe."

Wakili aliinama, akatoa kitu chini ya meza, akakiweka mbele ya wajumbe. Ilikuwa kofia ya askari, na mbele yake kioo cheusi kilichoshuka mpaka kidevuni.

"Askari wote siku ile walivaa hizi, na vioo vilikuwa chini. Hata kinyozi, katika maneno aliyoandikisha, alisema hakuona uso wa askari yeyote." Alimkabidhi karani wa kikao ile kofia. "Karani, tafadhali vaa. Shusha kioo. Simama pale. Sasa konyeza. Mzee wangu, jicho lipi?"

Mzee Chumvi alitazama. Ndani ya kioo kile aliona dirisha la ukumbi, na mbele ya dirisha mzee mdogo mwenye koti pana.

"La... la kushoto."

Karani alipandisha kioo. Alikuwa amefumba macho yote mawili, kayabana kama mtoto anayesubiri sindano.

Ukumbi ulipasuka. Watu waligonga mabenchi. Mjumbe mmoja alivua miwani afute machozi. Kilikuwa kicheko kikubwa kuliko vyote alivyowahi kuvipata maishani mwake, na yeye akasimama katikati yake, mikono ikiwa bado imeshika bunduki isiyokuwepo.

"Jicho sikuliona," alisema walipotulia. "Lakini bunduki niliiona. Na ndoo niliziona, waheshimiwa."

"Jicho nalo uliliona, mzee wangu," alisema wakili kwa upole. "Sasa hivi tu."

*

Uamuzi ulisomwa baada ya chakula cha mchana. Malalamiko hayakuthibitika. Kamati ilisikitika kwa yaliyompata mlalamikaji, na ilipenda kukumbusha kwamba, kama askari wangekuwa na silaha za zamani, pengine leo ingekuwa inasikiliza habari ya kifo. Silaha mpya ziendelee kutumika.

Nje, wakili wa msaada alifunga begi lake, akafungua, akafunga tena. "Ningeweza kukata rufaa kama kungekuwa na shahidi mwingine," alisema, akampa Dereva mkono, akampa mkewe mkono. Mbele ya Mzee Chumvi alisita, akampa na yeye.

Walitembea kurudi nyumbani. Kwenye kona ya mtaa binti yake alisimama.

"Ulikuwa umeshamaliza, Baba," alisema. Hakupandisha sauti. "Ulikuwa umeshamaliza, na ulikuwa umeshakaa."

Kesho yake Mzee Chumvi alivaa koti lile lile akaenda peke yake kwenye ofisi za kamati. Alimkuta karani wa jana, akamwambia anataka kuyafuta maneno ya jicho yabaki yale mengine.

"Kikao kimefungwa, babu," alisema karani. Kisha akatabasamu, wala hakuwa na ubaya. "Ila ile ya jana! Nimemsimulia mke wangu, hakuamini."

*

Dereva alianza kupanga mikate kwenye makreti. Alirudi jioni na unga kwenye nyusi, akala, akalala. Kumwamkia baba mkwe hakuacha, maana adabu ni adabu, lakini baada ya salamu hapakuwa na kitu. Mkewe naye alimpakulia baba yake chakula kile kile cha kila siku, akakiweka mbele yake, akaenda kula jikoni.

Kodi ilipowashinda, Mzee Chumvi hakungoja waanze kunong'onezana.

"Pangisheni chumba changu," alisema.

"Ulale wapi?" aliuliza binti yake.

"Sebuleni. Godoro nitalikunja asubuhi. Kukunja godoro ndiyo kazi niliyoisomea."

Hakuna aliyecheka. Binti yake alilitazama godoro, akamtazama baba yake, akaonekana kama anayetaka kusema hapana. Hakusema. Mzee Chumvi alitoa nguo zake, akatoa kiti chake, akafagia chumba mwenyewe ili mpangaji asikute uchafu wa mzee.

Mpangaji alikuwa fundi simu, kijana mchangamfu mwenye maneno mengi, asiyejua bado mahali pa kukanyaga katika nyumba ile. Jumapili moja alasiri wote walikuwa uani. Binti alikuwa anachambua mchele. Dereva alikuwa amefua sare yake ya kazi na anaianika. Kamba ilikuwa mbele ya pua yake, lakini mkono ulishika hewa upande wa huku, ukarudi, ukashika hewa upande wa kule. Tangu jicho liondoke, vitu havikukaa mahali alipoviona.

"Babu," alisema fundi simu, akivuta kigoda karibu, "nimeambiwa wewe ndiye uliyeona. Hebu nipe, nami nisikie."

Binti aliacha kuchambua.

"Alikuwa na ndoo mbili," alisema Mzee Chumvi. "Askari aliinua bunduki usawa wa uso. Akapiga."

Fundi simu alingoja. "Ndiyo yote?"

"Ndiyo yote."

"Mbona kwa kinyozi wanasema kulikuwa na kukonyeza?"

"Kukonyeza nilikuweka mimi."

Kijana alikohoa, akakumbuka simu ya mteja, akaingia ndani. Dereva alikuwa amewapa mgongo, sare inamdondoshea maji miguuni.

"Na jiwe?" aliuliza.

Lilikuwa swali la kwanza alilomwuliza baba mkwe wake tangu ukumbini.

"Jiwe halikuwepo."

"Ndoo nilishika mkono gani?"

"Yote miwili. Kila mmoja na yake."

"Zilikuwa na maji?"

"Tupu."

Dereva aligeuka. Siku hizi ilimbidi ageuze kichwa kizima ili amwone mtu. Alimtazama mzee kwa jicho lililobaki, muda mrefu, kama mtu anayeitazama noti mbele ya taa. Mzee Chumvi alihisi mdomo unamwasha. Kilihitajika kitu kidogo tu. Angeweza kusema kwamba Dereva alisimama wima kama mwanamume, au kwamba alipoanguka alitaja jina la mkewe. Hata sauti ya mkwe wake ingebadilika, hata binti angeinua uso kutoka kwenye ungo. Maneno yalikuwa tayari yamepangika nyuma ya meno.

"Kuna lingine?" aliuliza Dereva.

Mzee Chumvi aliyameza maneno yale.

"Hakuna."

Dereva alisimama kidogo, akingoja. Hakusema nimekuamini, wala hakusema sikuamini. Aligeukia kamba, akanyoosha mkono, akashika hewa, akanyoosha tena.